Guangzhou, Yiwu au ukweni Hunan: mlioolewa na mliooa China, mmechagua kukaa wapi?

Chausiku_Moro (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni uzoefu kabla hatujalipa kodi ya nyumba popote.

Mimi ni Mtanzania, mchumba wangu ni Mchina wa Hunan, kijijini nje ya mji wa Shaoyang. Tulifahamiana Dar es Salaam akiwa kwenye kampuni ya ujenzi. Mkataba wake unakaribia kuisha, posa nyumbani imeshapita na mahari imepokelewa. Tunahamia China. Tuna njia tatu: Guangzhou, ambako rafiki yake amemwahidi kazi na mimi nitakuta Waafrika wenzangu, Yiwu, mji wa masoko ya jumla, kwa sababu shangazi yangu ana duka Kariakoo na anatafuta mtu wa kumsimamia mzigo, au kwao kijijini, ambako wazazi wake wana nyumba ya ghorofa tatu na wako peke yao, hatutalipa kodi. Yeye anaegemea kwao. Mimi roho bado haijatulia. Nina diploma ya uhasibu, Kichina changu ni cha kuombea maji, na tunataka mtoto mapema. Nielezeni maisha yalivyo, hasa makaratasi na pesa ya mkononi mwangu mwenyewe.

MzeeWaXiaobei

Hongera binti, na hongera kwa wazazi. Mimi niko Guangzhou miaka mingi, mke wangu ni wa huku huku Guangdong. Naomba nianze na karatasi, maana ndizo zitakazokuamulia zaidi kuliko uzuri wa mji.

Mke wa Mchina anaingia kwa viza ya Q1. Ndani ya siku 30 tangu uingie mnakwenda ofisi ya uhamiaji ya polisi kuomba kibali cha ukaazi cha familia. Ada yake ni yuan 400 kwa kibali kisichofika mwaka, 800 kwa cha mwaka mmoja hadi mitatu. Kibali hicho kinakuruhusu kuishi. Kufanya kazi hakikuruhusu. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 iko wazi: ukikutwa unafanya kazi bila kibali cha kazi faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Kwa hiyo ule mpango wa shangazi kukulipa usimamie mzigo, mkae muupange upya kabla hujapanda ndege.

Jambo la pili wengi hawaambiwi. Kibali cha familia kwa kawaida kinaombwa pale mumeo alipoandikishwa, yaani kwenye hukou yake, lile daftari la makazi. Kama hukou iko Shaoyang na nyinyi mmepanga Guangzhou, yeye atangulie kupata kadi yake ya ukaazi ya Guangzhou. La sivyo, kila muda ukiisha ni safari ya kwao.

Faida ya Guangzhou ni watu. Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, utapata muhogo, ndizi za kupika, unga wa ugali na msusi anayejua nywele zako. Jumapili kuna misa ya Kiingereza pale kanisa kuu la Shishi, lile la mawe. Ndege ya Dar inatua hapa hapa. Lakini Xiaobei ya leo siyo ile ya 2012, Waafrika tumepungua sana. Na Aprili 2020, wakati wa korona, wengi wetu walitolewa majumbani na hotelini bila hata kuugua. Mwenye nyumba wangu alikuja na karatasi yake akitaka tuhame usiku ule. Mke wangu alisimama mlangoni akamsomea mkataba kifungu kwa kifungu mpaka akaondoka. Usihesabu tu idadi ya Waafrika mtaani. Angalia pia kama mumeo ni mtu wa kusimama mlangoni.

MamaSalha_Unguja

Asalaam alaykum jamaa. Chausiku mdogo wangu, mie nipo Yiwu. Mume wangu ni Mhui, yaani Mchina wa kabila la Waislamu, kwao Ningxia, kazi yake ukalimani wa Kiarabu, na vijana wa Ningxia na Gansu wenye kazi hiyo hapa ni wengi mno kwa ajili ya wanunuzi wa Kiarabu. Mzee kasema kweli kuhusu kazi, nami naongeza. Mke wa Mchina aliyeko ndani na kibali cha familia anaweza kuomba kibali cha kazi hapa hapa, bila kurudi nyumbani kuchukua viza ya Z, ile ya kazi. Kizuizi ni sifa. Kwa kawaida wanataka shahada na uzoefu wa miaka miwili, na kampuni inayokubalika kuajiri wageni. Diploma peke yake itakusumbua. Kama unaweza kumalizia shahada kwa masafa, anza sasa. Na kufundisha Kiingereza usikuweke kwenye hesabu. Vibali vya kufundisha lugha mara nyingi hutolewa kwa wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Afrika Kusini na nchi za namna hiyo.

Sisi kampuni iko kwa jina la mume. Kuagiza, kukagua, kulipa wenye vibanda na kufunga kontena, yote anafanya yeye. Shangazi yako anaweza kufanya biashara na mumeo kwa mkataba, na pesa ikaingia nyumbani kwenu kihalali. Ila hapo uangalie sana, maana pesa itakuwa yake kwenye karatasi. Mkubaliane mapema kiasi gani ni chako, na akaunti yako mwenyewe ufungue kwa pasipoti yako.

Yiwu kwa Muislamu ni raha. Nyama ya halali iko kila upande, msikiti mkubwa upo, Ramadhani unaisikia mtaani. Soko la Futian lina vibanda zaidi ya 75,000, na mtu wa Kariakoo hawezi kujihisi mgeni sana pale. Lakini ukitoa biashara, mji hauna mengi. Kama mumeo si mfanyabiashara msije.

KipWaEldoret

Wacha niongee juu ya hiyo ya tatu kwa sababu nimeishi huko. Bibi yangu (mke) ni wa Hunan, upande wa Loudi, na tulianza kwa wazazi wake.

Nyumba ni kubwa kweli, vigae mpaka ukutani. Lakini kusini mwa mto Huai na milima ya Qinling majumba hayana mabomba ya joto ya serikali kama Beijing au Harbin. Hunan iko upande huo. Januari baridi ya nje na ya ndani ni moja, na unyevu juu yake. Mlango wa mbele unabaki wazi mchana kutwa ili majirani waingie. Familia yote inakaa kwa meza moja ya mraba, chini kuna hita ya umeme, juu kuna blanketi zito linaloning'inia mpaka sakafuni. Miguu inaiva na mgongo unaganda. Hapo ndipo mnakula, mnamenya mbegu za alizeti, na mtoto wa shemeji anafanyia kazi ya shule. Ukitaka kwenda kulala unajipanga kwanza.

Lugha nayo. Kichina utakachosoma darasani si kile nyanya anaongea. Vijijini Hunan wanaongea lugha yao, na kijiji cha bonde linalofuata kinaongea tofauti kidogo tena. Mimi nilikuwa nasoma vizuri lakini mezani bibi yangu alikuwa ananitafsiria.

Halafu kitu kikubwa: watu wa rika lako hawapo. Vijana wako Guangdong viwandani na kwa ofisi, kijijini wamebaki wazee na watoto. Wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina wanarudi wote, magari yanajaa barabara, fataki usiku kucha, unafikiri umepata jamii. Baada ya wiki mbili wameenda. Mumeo atapata kazi gani huko? Kama naye ataenda Guangdong na kukuacha na wazazi wake, hiyo si ndoa uliyoposewa.

Lakini dada, usikatae ovyo. Hiyo ghorofa tatu wazazi waliijenga kwa ajili ya ndoa ya kijana wao, ndiyo desturi ya huko. Ukisema hutaki kuishi ndani yake wanasikia umekataa jasho lao. Hilo neno liseme mumeo, kwa lugha ya kwao, akiwa ameketi na baba yake. Wewe uwe unatayarisha chai.

Sisi tulihamia Changsha. Sijui kwa nini hukuiweka kwa orodha. Ni mji mkuu wa mkoa wao, ana nafasi ya kupata kazi ya ujenzi, vyuo viko, na wikendi mnafika kwa wazee. Guangzhou ukiitamani, treni ya kasi ni kama saa mbili na nusu.

NyotaYaFoshan

Mimi natofautiana kidogo na kaka Kip. Hayo yote ya baridi ni kweli, lakini Chausiku amesema wanataka mtoto mapema, na mtoto bila bibi huku China ni mzigo mkubwa. Wazazi wote wawili kazini, kituo cha kulea watoto ni ghali, na likizo ya baba ni fupi. Karibu kila nyumba ya jirani zangu hapa Foshan mtoto analelewa na bibi au babu.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja na begi la tangawizi. Mwezi mzima wa uzazi, wanauita zuo yuezi, sikugusa maji baridi, sikupigwa na feni, sikuosha hata kikombe. Kwetu Guangdong wanapika miguu ya nguruwe kwa siki nyeusi, tangawizi na mayai, chungu kinakaa jikoni siku nyingi na kila anayekuja kukupongeza anapewa bakuli. Mimi ni wa Tanga, nimekulia kwenye arobaini na uji wa pilipili manga, kwa hiyo hakuna kilichonishangaza isipokuwa hiyo nyama. Ugomvi wetu ulikuja baadaye, juu ya kumvisha mtoto nguo tano Mei na jua linawaka. Tulielewana tulipokubaliana kwamba daktari ndiye mwamuzi.

Sasa mambo ya mtoto ambayo lazima mjue. Akizaliwa China na baba Mchina, ni raia wa China, na China haitambui uraia pacha. Wakenya katiba yao ya 2010 inaruhusu, lakini hiyo haibadilishi sheria ya huku. Mtoto anaingizwa kwenye hukou ya baba yake, na shule ya serikali na bima ya afya zinafuata hapo. Mji mtakaoishi na mji wa hukou vikiwa tofauti, kutafuta shule ni shughuli nyingine. Ndiyo maana Changsha ya kaka Kip naiona ina akili kuliko Guangzhou: wakiweza kuhamishia hukou hapo, mambo ya mtoto na ya kibali chako yanakaa mahali pamoja.

Na mama yako anaweza kuja. Wazazi wa mwenzi wa Mchina wanahesabiwa ndugu, mumeo anamwandikia mwaliko, anaomba viza ya Q2, ya kutembelea ndugu, ya kukaa hadi siku 180. Mimi mama yangu na mama mkwe walilea pamoja kipindi kimoja. Walielewana bila mkalimani kuliko nilivyotegemea.

Kuna jambo zito nalo nitalisema. Kibali chako kinasimama juu ya ndoa. Ndoa ikivunjika kibali kinaondoka, mtoto anabaki raia wa huku, na wewe unaanza upya. Ukaazi wa kudumu upo kwa wenzi, lakini masharti ni ndoa ya miaka mitano, kuishi China miaka mitano mfululizo na kila mwaka usipungue miezi tisa ndani ya nchi, pamoja na kipato na nyumba. Kwa hiyo zile likizo ndefu za Morogoro uzipime tangu mwaka wa kwanza. Dada wengi wanakuja kujua sharti la miezi tisa wakati wameshachelewa.

Chausiku_Moro (mleta mada)

Asanteni mno, kwa kweli. Jana usiku tumekaa naye nikamsomea yote kwa Kiswahili chake cha saiti na Kiingereza changu. Ile ya mimi kuachwa kwa wakwe yeye akaenda Guangdong ilimnyamazisha, kumbe ndivyo alivyokuwa amepanga kwa mwaka wa kwanza. Amekubali Changsha, na atampigia baba yake Jumapili aongee naye kama Kip alivyosema. Kujifungua nimekubali kwenda kwa mama mkwe, ila si miezi ya baridi tukijaliwa. Shangazi nimemwambia biashara itakuwa kwa mkataba na mume wangu, na mimi naangalia namna ya kumalizia shahada.

Swali la mwisho: ndoa tuiandikishe Dar au tuingie China kwanza tuiandikishie huko?

KipWaEldoret

Vizuri sana. Mkifika Changsha niandikie inboksi, bibi yangu atakuonyesha soko lenye unga mweupe wa ugali.

MzeeWaXiaobei

Iandikisheni Dar, maana yeye bado yuko huko. Ukiandikisha China utahitaji cheti cha RITA, wakala wa usajili wa serikali yetu, kwamba huna ndoa nyingine, kitafsiriwe, kigongwe mihuri, na kwa kawaida hakikubaliki kikipita miezi sita. Halafu si kila ofisi inaandikisha ndoa na mgeni, kila mkoa una ofisi zake maalumu. Mkifunga Dar kihalali, cheti cha ndoa kikapita Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa China, ndoa inatambulika na unaomba Q1 moja kwa moja kama mke. Yeye akifika ampelekee polisi wa hukou hicho cheti na tafsiri yake wabadilishe hali yake ya ndoa kwenye daftari, hilo msilisahau.

Mkifika Changsha mjiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, hata kama nyumba ni ya rafiki. Karatasi watakayokupa ndiyo utakayoulizwa kwanza ofisi ya kibali.

Sheria yetu ya ndoa inataka tangazo la siku 21 kabla ya kufunga. Kama mkataba wake unakaribia kuisha, nendeni ofisi ya mkuu wa wilaya wiki hii hii.