Ameliorate, alleviate, mitigate au improve tu? Naandika andiko la mradi

MtuWaMagomeni:
Wakuu habari za leo. Naandika andiko la mradi la kikundi chetu cha mtaa, tunaomba hela za kuzibua mitaro na kusaidia familia za bonde la Msimbazi hapa Dar upande wa Jangwani, nyie wenyewe mnajua masika yakichanganya pale inakuwaje, maji yanaingia hadi ndani na barabara ya Morogoro inafungwa. Sasa sentensi ya kwanza nimeiweka hivi: "This project will ameliorate floods in Jangwani." Katibu anasema weka alleviate, mweka hazina anasema mitigate, na kuna dogo wa chuo anasema weka improve yaishe. Wafadhili wenyewe ni wa Kiingereza tu. Kipi kinakaa hapo?

Teacha_Moro:
Improve hapo itoe haraka sana mkuu. "Improve floods" ni kama unataka mafuriko yawe bora zaidi, yaani umeomba kinyume cha shida yako. Ila hata ameliorate floods haijakaa. Wanafunzi wangu huwa nawaambia msianze na kitenzi, angalieni kwanza neno linalokuja nyuma yake. Ameliorate inataka HALI: conditions, situation, effects, symptoms. Na hiyo hali iwe tayari ni mbaya, hauwezi ku-ameliorate kitu ambacho kiko sawa. Halafu haimaanishi tatizo limeisha, ni limepungua makali tu. Kwenye kamusi nyingi utakuta "kuboresha" na hapo ndo watu wanapotelea, mi naona "kupunguza makali" ndo iko karibu zaidi. Kutamka ni a-MII-lio-reit, mkazo kwenye MII, maana siku ya kujieleza mbele yao utalisema kwa mdomo.

Dogo_wa_Hosteli:
Mi bado niko na improve. "Improve living conditions" ina kosa gani? Kila mtu anaielewa, hata ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu.

Teacha_Moro:
Haina kosa lolote, hapo umeweka conditions ndo maana imekubali. Tofauti ni kwamba improve haisemi ulianzia wapi, inaweza kuwa kizuri kinazidi kuwa kizuri. Ameliorate inabeba ule ubaya ndani yake.

Nesi_Tanga:
Niongezee alleviate maana wodini tunaishi nayo. Alleviate ni ya kinachomuuma mtu: pain, suffering, njaa, umaskini. Mzizi wake Kilatini levis, yaani nyepesi, ni kumtua mtu mzigo kidogo. Panadol ina-alleviate maumivu ya jino lakini jino lenyewe bado limeoza vilevile. Ukisema "alleviate the suffering of families" sawa kabisa, ukisema "alleviate floods" hapana, mafuriko hayaumwi, wanaoumia ni watu. Na jamani kwenye ripoti naona watu wanaandika "ameliorate the patient", mgonjwa mwenyewe haiwezekani, ni condition yake au dalili zake.

Karani_Nakuru:
Mitigate huku kortini ni mkate wa kila siku. Mtu akishapatikana na hatia, kabla hajahukumiwa anapewa nafasi ya mitigesheni, anaeleza ako na watoto wadogo, ni kosa la kwanza, anajuta, ili adhabu isiwe kali sana. Kosa liko palepale, kinachopungua ni uzito wa kile kinakuja. Kwa hivyo mitigate inaangalia mbele: risk, damage, impact. Hiyo ndiyo ya mitaro yenu. Na tafadhali usiandike "mitigate against", hiyo against ni ya militate, verb tofauti kabisa.

Mhandisi_Maji:
Karani yuko sahihi ila kuna mtego hapo na mtu wa Magomeni usipoangalia utaingia. Kama hao wafadhili ni wa mambo ya tabianchi, mitigation kwao ina maana yake maalumu, kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, sola, misitu, vitu hivyo. Mitaro na kuhamisha watu bondeni wanaita adaptation. Hata IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wamevigawa, adaptation iko kikundi kazi cha pili na mitigation cha tatu. Kwa hiyo usiandike mitigation kavu kavu, andika "mitigate flood risk", taja flood hapohapo, la sivyo andiko linaweza kuangukia meza isiyo yake.

Buja257:
Huku kwetu Bujumbura tumesoma kwa Kifaransa na ameliorate inatuponyoka sana kwa sababu améliorer kwa Kifaransa ni neno la kawaida tu, améliorer mon anglais, mtoto wa shule anasema. Sasa mtu akihamia Kiingereza anaandika "I want to ameliorate my English" na Mwingereza anashangaa, kwake hilo ni neno zito la ofisini. Hapo improve ndiyo yenyewe.

Mhariri_Mwenge:
Zito ndiyo ila halijafa. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864 jina lake linaanza na kusema ni wa "Amelioration of the Condition of the Wounded", na ule wa 1949 ukaendelea nalo. Angalieni walivyoiweka, condition ya majeruhi. Hawakusema wanaondoa vita wala vidonda, walisema aliyeumia hali yake isiwe mbaya kama ilivyokuwa. Ndo maana naipenda kwa familia za Jangwani, maji yameshaingia, godoro limeshalowa, unaanzia hapo.

MtuWaMagomeni:
Asanteni sana nimewasoma wote. Nimeibadilisha: "The project will mitigate flood risk in Jangwani by clearing blocked drains, and will completely ameliorate the living conditions of families already affected."

Nesi_Tanga:
Hapo sasa! Suffering mnaweza kuiweka kwenye aya ya familia.

Mhariri_Mwenge:
Toa "completely". Neno lenyewe linasema kupungua, ukilipachika "kabisa" vinagombana. Na sehemu ya pili ya sentensi bado inaelea, ya mitaro umesema "by clearing", ya familia hujasema by nini. Magodoro? Vyandarua? Maji safi? Familia ngapi?

MtuWaMagomeni:
Magodoro na dawa ya kutibu maji ya kunywa. Orodha ya familia iko kwa mjumbe, naenda kuichukua sasa hivi.