Mtangazaji kaingia juu ya solo ya ilimba! Nina hasira hapa

Kamba ya Nne (mleta uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Yule mtangazaji wa kipindi cha bendi laivu Ijumaa usiku, simtaji, mnamjua wote, jana kanifanyia unyama ambao hata mgambo hamfanyii mama ntilie.

Bendi mpya, vijana watano, sijawahi kuwaona popote. Dada wa mbele kashika ilimba ya Kigogo, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, waya umeingia moja kwa moja kwenye amplifaya, kidole gumba kina plasta. Besi inatembea chini chini. Ghafla wote kimya, kabaki yeye na ilimba. Nywele zikanisimama, nikamkumbuka mzee Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba. Mara JAMAA KAINGIA NA MAIKI: "Tupo laivuuu wapendwa, tunasoma salamu zenu!" Juu ya solo! Kasoma salamu za shangazi wa Mbagala mpaka za mbuzi wake. Kisha tangazo la kubeti. Wanarudi, bendi inakunja nyaya. Jina lao chini ya skrini limefunikwa na namba ya kuwekea mkeka!

Nilirekodi kwa simu, nimesikiliza mara arobaini. Ilimba, ilimba, ilimba, "Tupo laivuuu".

Wenzetu Uingereza, kipindi cha muziki wa laivu cha Jools Holland kipo BBC Two tangu 1992. Bendi zinazungukana studio moja, mmoja akipiga wengine wanamtazama. Mwaka 2004 mwanamuziki KT Tunstall, dada hajulikani bado, aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo la rapa Nas. Kapiga peke yake na gitaa, watu wakaanza kumuulizia. Huyu wetu angemkatiza kumuuliza kama ameolewa!

Nani anajua jina la ile bendi?

Shemeji wa Wote:
Mtu mzima unalilia marimba? Oa mkuu.

Kamba ya Nne:
ILIMBA! Na alikuwa KWENYE SOLO!

Bi Mkubwa:
Wako angalau walipiga. Mimi nimelipa kiingilio elfu ishirini, "bendi" ikachomeka flashi ikaanza kutikisa midomo. Bora nisubiri Sauti za Busara Zanzibar, tangu 2004 pale jukwaani ni laivu tu.

Kifurushi Kimeisha:
Mna raha nyie. King'amuzi changu kilikata dakika ya 89, penalti imeshawekwa.

Fundi Redio:
Afadhali wewe una umeme.

Kamba ya Nne:
Jamani, jina la bendi?

Mzee wa Kariakoo:
Bendi ni Msondo, tangu ikiitwa NUTA Jazz 1964. Hao wengine kwaya.

Damu ya Sikinde:
Mzee usianze. Sikinde yetu, Mlimani Park, ilipozaliwa 1978, mwimbaji wenu Gurumo aliwakimbia akaja kwetu.

Mzee wa Kariakoo:
Na akarudi! Kastaafu akiwa Msondo!