Impreza STI Type R ya 1998, kilomita 47,000: niiuze au niitunze?

Bandari_Kuu, Mombasa

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Ninayo Subaru Impreza WRX STI Type R, toleo la tano, ile ya milango miwili iliyotengenezwa mwishoni mwa 1998. Niliinunua mwaka 2005 iliposhushwa Kilindini ikiwa na kilomita 31,400, na leo inasoma 47,212. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitoa Jumapili tu, kwenda Mtwapa na kurudi. Tangu 2019 inalala chini ya banda la mabati hapa Tudor, nami huiwasha kila Ijumaa kwa dakika kumi kisha nikaizima. Haijapigwa rangi upya, na hakuna kilichobadilishwa isipokuwa betri na matairi.

Wiki iliyopita bwana mmoja wa Nairobi alinitajia Ksh 2,900,000. Nina binti anayeingia chuo kikuu Januari, na nyumba yangu imesimama kwenye lenta. Njia ninazoziona ni kumuuzia huyu bwana, kutafuta mnunuzi wa ng'ambo, au kuitunza kwa kuwa huenda ikapanda thamani. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo ameanika nguo akiizunguka, ana jibu lake tayari. Ninaomba majibu ya wengine.

Hesabu_Safi, Dar es Salaam

Kaka, gari halizai. Nyumba iliyosimama kwenye lenta huliwa na mvua kila masika, ilhali nyumba iliyokamilika hupangishwa ikaleta kodi mwezi kwa mwezi. Usiilinganishe hiyo 2,900,000 na bei unayoiota ya mwaka 2035. Ilinganishe na kodi utakayokuwa umeikosa mpaka wakati huo, kisha ongeza bima, betri na matairi utakayokuwa ukinunulia gari lisilokwenda popote.

Jambo moja tu linanizuia kukwambia uuze kesho. Kwenu Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo Type R zilizopo ndizo hizo hizo, na kila inayogonga mti inapunguza idadi. Kwetu mtu bado anaweza kuagiza gari kuukuu mradi akubali kulipa ushuru wa uchakavu. Mnunuzi wako anaijua hesabu hiyo, pengine kuliko wewe.

Fundi_Boksa, Nairobi

Mzee Bandari, shikamoo. Kabla ya kuzungumza bei, nakuomba uache kuiwasha kwa dakika kumi. Kwa muda huo injini haipati moto wa kutosha, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani ya ekzosi na mengine yanachanganyika na oili, na oili hiyo iliyochoka ndiyo inayolainisha turbo. Ama uiendeshe nusu saa barabarani mpaka kila kitu kipate moto, ama uilaze kwa utaratibu: tangi lijazwe, betri itolewe, matairi yaongezwe upepo, na funguo umkabidhi mkeo ili usishawishike.

La pili ni mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni za injini ziende kwa mpangilio. Watu husema hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Kwa kuwa umesema hujabadilisha kitu, mkanda huo ni ule uliokuja nao kutoka Japani, na una zaidi ya miaka 25. Ukikatika, valvu zitagongana na pistoni, na hapo hakutakuwa tena na swali la kuuza au kutunza. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa mnaijua wenyewe.

La tatu ndilo litakaloamua bei. Ondoa zulia la buti na plastiki za pembeni, kisha mulika kwa tochi pale shokabu za nyuma zinapofungwa kwa juu, halafu pitisha kidole kwenye kingo za ndani za matao ya magurudumu ya nyuma. Impreza za umbo hili huanza kuoza hapo hata katika nchi za baridi, sembuse mjini kwenu ambako upepo wenyewe una chumvi. Rangi iliyovimba kama kipele ina kutu chini yake, na kutu ya ndani mara nyingi huwa kubwa kuliko inayoonekana.

Na ukiamua kubaki nayo, kumbuka kwamba injini hii ya farasi 280 ilitayarishwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo, kwa hiyo usiikamue. Kuna watakaokushauri ubadilishe programu ya injini, na kiufundi wana haki, ila kila unachobadilisha kinaondoa ule uasilia ambao mnunuzi makini anaulipia.

Safari_97, Nakuru

Mimi sina hesabu ya kutoa. Mwaka 1997 nilisimama kando ya barabara nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno wakati Colin McRae, dereva wa mashindano ya magari, alipopita kwa Impreza ya bluu ya milango miwili, akielekea kushinda Safari Rally. Tuliokuwa wanafunzi wakati ule ndio leo tuna fedha za kununua gari la umbo lile. Wanangu wanalitazama kama gari la zamani lenye kelele, basi. Kwa hiyo sidhani kwamba bei itapanda milele. Itapanda kadiri sisi tutakavyokuwa na nguvu za kukanyaga klachi.

Mpwani_Houston, Marekani

Huku gari lisilotengenezwa kwa viwango vya Marekani huruhusiwa likitimiza miaka 25, ikihesabiwa tangu mwezi lilipotengenezwa, kwa hiyo lako limeshafuzu. Tatizo ni kwamba utashindana na magari yanayotoka Japani moja kwa moja, yakiwa na historia kamili ya ukaguzi. Mnunuzi wa huku akisoma "Mombasa", swali lake la kwanza litakuwa kutu na la pili litakuwa nyaraka. Bila karatasi ya mnada, ile inayoonyesha hali ya gari na kilomita zake liliponunuliwa Japani, na cheti cha kufutiwa usajili Japani, kilomita 47,000 ni maneno yako tu. Ukipata mnunuzi, gari lisipande meli kabla fedha zote hazijaingia benki.

Aliyeungua, Thika

Ninaunga mkono suala la nyaraka. Nilinunua STI "yenye kilomita 60,000" kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Pedali ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana, na mimi kwa mapenzi nikaitazama nisiione. Baadaye fundi aliisoma namba ya injini, nayo haikulingana na ya kwenye logbook, yaani hati ya umiliki wa gari.

Bandari_Kuu, Mombasa

Ninawashukuru nyote, na Fundi, marahaba. Jumamosi nilitoa zulia la buti. Shokabu ya kulia iko safi. Ya kushoto ina kipele kimoja, ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Katika kabati la marehemu mama nimeipata bahasha ya mwaka 2005: karatasi ya mnada yenye daraja la 4 na kilomita 31,388, pamoja na cheti cha Japani.

Nilimpigia yule bwana kumweleza habari ya kipele. Akanijibu kwamba bodi haimshughulishi, kwa sababu anataka injini na giaboksi aviweke kwenye gari lake la mashindano, na mabaki atayauza kwa kilo. Nikamwambia tutazungumza, nikakata simu.

Karo ya Januari nitaitafuta kwenye SACCO. Mkanda unabadilishwa Alhamisi, kipele kitafuata, kisha gari litatangazwa pamoja na nyaraka zake zote kwa anayelitaka zima. Safari_97, kama zile nguvu za klachi bado unazo, nitumie ujumbe wa faragha.