Mzio wa nyama: hizi kampuni za vitafunwa zinatuficha nini kwenye pakiti?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Tunaishi Virginia. Mume wangu aling'atwa na kupe, yule mwenye doa jeupe mgongoni, na tangu hapo ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, mamalia yeyote yule, kwake ni sumu. Ugonjwa unaitwa alfa-gali, jina la sukari iliyomo kwenye nyama ya mamalia, ndiyo mwili wake unaikataa. Kuku na samaki anakula bila shida. Mwaka 2023 CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, walisema huenda watu hadi 450,000 Marekani wanao, kwa hiyo msidhani ni ugonjwa wa watu wawili watatu.

Nyama yenyewe unaiona, unaiacha. Kinachoniua ni pakiti. Sheria ya huku inalazimisha vizio tisa, yaani vyakula vinavyoleta mzio, vitajwe, cha mwisho kuingia ni ufuta, Januari 2023. Ng'ombe na nguruwe hawamo! Basi unachukua krispi unakuta "ladha asilia", na kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa, zinaruhusu maneno hayo mawili yafunike kitu cha mmea au cha nyama. Gliserini hivyo hivyo, mono na digliseridi hivyo hivyo, viungo vinavyotengenezwa kwa mafuta: inaweza kuwa mawese, inaweza kuwa mafuta ya ng'ombe. Hata karanga jamani! Zipo za kuoka zinazopakwa jelatini, ule ute wa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, ili chumvi ishike. Nani angemtafuta ng'ombe kwenye karanga?

Nikapigia kampuni moja simu. Dada wa huduma kwa wateja ananijibu kwamba mchanganyiko wa ladha ni siri ya biashara. Siri! Mzio huu hauji papo hapo, unachukua saa mbili hadi sita. Mtu anakula saa moja jioni, usiku wa manane mwili mzima umejaa vipele, midomo imevimba, pumzi inakata, mnakimbilia sindano ya epinefrini. Hospitali wanauliza amekula nini. Nijibu nini, siri ya biashara?

Kuna watakaosema tafuta nembo ya halali. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali bado ni ya ng'ombe. Nembo ya vegani, yaani hakuna kitu cha mnyama, ni afadhali, lakini nayo haimalizi kazi: karajinani, kiungo cha kufanya chakula kiwe kizito, inatokana na mwani, jamii ya huu unaolimwa Paje na Pemba, ina alfa-gali, na wapo wagonjwa inaowadhuru.

Ninachodai si kikubwa. Mbele ya kila kiungo cha namna hii waandike kimetoka kwa mmea au kwa mnyama, na mnyama gani. Malighafi wananunua wenyewe, hawawezi kukosa kujua.

Mlioko huku wenye mgonjwa kama huyu nyumbani, niambieni kampuni zipi zinajibu ukiuliza. Ila asije mtu hapa kuniambia "soma lebo". Lebo nasoma kila siku mpaka macho yanauma, na haisemi.