Boti ya Unguja na watoto wawili, miaka 4 na miezi 16: tujiandae vipi, na kumbukumbu tuzitunze vipi?

mama_wawili_kinondoni

Habari zenu wapendwa. Likizo ya Juni tunavuka kwenda Unguja kwa boti ya kasi kutoka Dar, mimi, baba yao na watoto wetu. Mkubwa ni wa kike, miaka 4. Mdogo ni wa kiume, miezi 16, na bado ananyonya. Ni siku nne: usiku mmoja Mji Mkongwe, miwili Jambiani.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. La kwanza ni kutapika. Jirani anashauri mkubwa apewe piritoni alale njia nzima, lakini moyo wangu haujakubali. La pili, naambiwa bahari ya Jambiani kuna saa inaondoka kabisa, sasa watoto wataogelea wakati gani? La tatu ni kumbukumbu. Picha zikibaki kwenye simu huishia kupotea, na ningependa watoto wakikua wawe na kitu cha kushika mkononi. Huyu mdogo atakumbuka chochote kweli?

dawa_na_watoto

Mama, piritoni acha. Si dawa ya kichefuchefu cha safari. Inaleta usingizi kwa wengine, na kwa wengine mtoto anachachamaa badala ya kulala. Hata ikimlaza, mtoto aliyelala fofofo kwa dawa akitapika anaweza kupaliwa na matapishi. Dawa za mafua na kikohozi zenye usingizi nazo ni hivyo hivyo.

Ipo promethazini ambayo maduka ya dawa huuza kwa ajili ya safari. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 haitakiwi kabisa, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi, kwa hiyo mdogo wako ondoa kwenye hesabu. Kwa mkubwa, nenda na uzito wake kwa mfamasia au daktari aamue kama inamfaa na kiasi gani. Ukipewa ya maji, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani, kimoja kinabeba karibu mara mbili ya kingine.

Ila mara nyingi hutahitaji dawa. Mtoto anatapika kwa sababu sikio la ndani linahisi mwili unayumba huku macho yanaona kiti kilichotulia, na ubongo unashindwa kupatanisha habari hizo mbili. Ndiyo maana katuni za simu ndani ya boti ni kosa kubwa: zinazidisha ule mgongano. Mkalishe dirishani, atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Mpe kazi ya kutafuta madau na meli. Watoto wa umri wa mdogo wako ni nadra kuugua bahari. Anayeumia zaidi ni wa kuanzia miaka 2 hadi 12, yaani dada yake.

Viti vya kuchagua ni vya chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele ndiko boti inakonyanyuka na kudunda, na ghorofa ya juu inayumba zaidi kuliko ya chini. Kukaa nje kuna upepo mzuri, lakini hakikisha moshi wa injini hauwafuati, na mikono ya mtoto usiiachie.

Chakula: saa moja na nusu hivi kabla ya kuondoka mpe mkate mkavu, kiazi cha kuchemsha au ndizi moja, na maji kidogo kidogo. Chipsi, soda na kikombe kizima cha maziwa subirini ng'ambo. Tumbo tupu nalo linatapisha, msimwache na njaa. Mdogo mnyonyeshe kama kawaida.

Kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi kubwa ambalo litakwenda sehemu ya mizigo, weka nguo pea mbili kamili za kila mtoto, blauzi yako moja, taulo ndogo mbili, kisweta kwa kila mtoto maana kiyoyozi cha ndani ni kikali, na kopo la lita 2 lenye mfuniko wa kubana. Hilo kopo ndilo la kutapikia. Linasimama lenyewe, halivuji, na mfuniko unazuia harufu isimwamshie mwingine kichefuchefu.

Akitapika, usimpe kikombe cha maji hapo hapo, atarudisha. Subiri dakika 10, halafu ORS kijiko kimoja cha chai kila dakika 1 hadi 2. Inachosha mkono wako, lakini inakaa tumboni. Pakiti za ORS zina ujazo tofauti, kwa hiyo soma imeandikwa ya maji kiasi gani ndipo ufungue, na iliyokwisha kuchanganywa imwage baada ya saa 24. Akipitisha saa 6 bila kukojoa, au akilia bila machozi, nendeni hospitali.

mpwani_jambiani

Assalaam alaykum. Naongezea la bahari.

Juni ni kusi, dada. Upepo unatoka kusini, na mkitoka Dar mnaelekea kaskazini, kwa hiyo wakati wa kwenda mawimbi yanawasukuma kutoka nyuma na boti inalala huku na huku. Wakati wa kurudi mnayakabili usoni, na hapo ndipo inapodunda. Watu wengi hujiandaa kwa safari ya kwenda, wakifika salama wanajiona wamemaliza, kisha wanarudi na watoto wameshiba pilau. Maandalizi yote aliyoeleza mwenzangu yarudieni siku ya kurudi, tena kwa ukali zaidi. Chukueni boti ya asubuhi pande zote mbili. Upepo huongezeka nguvu kadiri jua linavyopanda. Na bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana nauli ya mtoto hupangwa kwa umri.

Sasa Jambiani. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na toka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika chache. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kinachowachanganya wageni ni kwamba hakuna saa moja ya kuogelea kwa wiki nzima.

Hesabieni kwa mwezi wa kuandama. Tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua. Siku hizo maji hupwa sana, karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na pwani ya mashariki mnaona mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba, kisha hujaa karibu saa 10 jioni. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua, tofauti inafika kama mita 4. Tarehe 7 hadi 9, na 22 hadi 24, ni maji mafu: hayatoki mbali, hayajai sana, na hujaa karibu saa 4 asubuhi. Kwa watoto wa umri wenu maji mafu ndiyo bora. Kama tarehe za likizo zinabadilika, zisogezeni ziangukie hapo. Mwenye nyumba mtakayofikia atawaambia saa kamili za siku yenu. Mpigie kabla ya kuja.

Mkija kwenye bamvua msisikitike. Asubuhi maji yakiwa yametoka, watoto wanapata vidimbwi vya maji ya vuguvugu yanayofika kifundoni, na samaki wadogo ndani yake, kaa, na makoa. Kwa mtoto wa miaka 4 hakuna darasa zuri kuliko hilo. Lakini shikeni mambo haya.

Viatu: yeboyebo zinazofungwa kisigino. Kandambili zinabaki kwenye tope. Kule kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu kwenye mawe na majani ya bahari. Mtoto akichomwa, msichokonoe kwa sindano, mwiba unakatika ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, mpimie kwa kifundo cha mkono wako wewe kwanza, nusu saa au zaidi. Miiba iliyo karibu na kiungo ni ya daktari.

Kurudi kwa maji: hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mikondo iliyoko nyuma yenu, kati yenu na ufukwe. Mnakuta mmesimama juu ya fungu la mchanga pakavu na mkondo wa kiunoni umewatenga na nchi kavu. Mkiwa na watoto, geukeni kurudi mara tu maji yanapoanza kutulia, msingoje kuyaona yakija.

Halafu zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni mashamba ya mwani, riziki ya akina mama wa hapa. Wakati wa bamvua ndipo wanapovuna. Mwambieni mtoto aangalie, asivute. Ukiwasalimia vizuri watamwonyesha mwenyewe namna unavyofungwa.

Jua kali ni kuanzia saa 4 hadi saa 9, na upepo wa kusi unadanganya, ngozi inaungua huku unahisi baridi. Mikono mirefu na kofia yenye ukingo vinafanya kazi kuliko mafuta yanayooshwa na maji.

albamu_ya_nyumbani

La tatu ndilo ninalolijali kuliko yote, nitalieleza kwa kirefu.

Mdogo hatakumbuka safari hii akiwa mtu mzima. Kumbukumbu za mwanzo ambazo watu wazima wengi wanazo ni za kuanzia miaka 3 au 3 na nusu hivi. Dada yake yuko mlangoni: anaweza kuibeba, anaweza kuipoteza. Kinachoamua kwa sehemu kubwa ni mazungumzo. Tukio ambalo mtoto amelisimulia mwenyewe mara kadhaa, kwa maneno yake, lina nafasi kubwa ya kubaki kuliko tukio lililopigwa picha 200 zisizotazamwa.

Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala, dakika tano. Usimpe mtihani wa "yule alikuwa mnyama gani?" Muulize swali lenye nafasi: "Yule kobe alikuwa anafanyaje?" Akijibu "anakula", ongezea wewe: "Eeh, anakula majani, na shingo yake je?" Mwache aikamilishe. Akikosea usimsahihishe kwa haraka. Mkifika nyumbani rudieni baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi.

Kama mtavuka hadi kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa, mna habari nzuri ya kumpa: waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mtoto anapenda kujua kwamba kobe naye alipanda chombo.

Nunueni kaunta buku moja ya jalada gumu. Kila siku ukurasa mmoja: tarehe, mahali, umri wa kila mtoto kwa miaka na miezi, na sentensi mbili tatu za mtoto kama alivyosema. Akisema "bahari imekwenda kulala", andikeni hivyo hivyo. Upande wa pili achore. Kwa mdogo, wekeni mguu wake juu ya karatasi mzungushie penseli, andikeni tarehe. Hicho ndicho atakachokishika akiwa na miaka 20.

Picha: pigeni mkiwa mmepiga magoti, kimo cha macho ya mtoto. Msipige za kujipanga tu. Pigeni yeboyebo zenye mchanga, mkono uliobana dafu, mlango wenye misumari ya shaba wa Mji Mkongwe na mtoto amesimama chini yake ili ukubwa uonekane. Mkirudi chagueni 12, msizidishe, mkazisafishe studio kwa saizi ya sentimita 10 kwa 15. Nyuma ya picha msiandike kwa biro: inasukuma alama mbele na wino unagusa picha ya chini yake. Penseli nayo inateleza kwenye karatasi ya picha inayong'aa. Andikeni kwenye kipande cha karatasi ya kawaida mkiweke pamoja na picha. Albamu zenye gundi chini ya plastiki ziepukeni, gundi inageuka njano na picha haibanduki tena. Zenye mifuko ni salama.

Tiketi za boti na risiti nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino. Zikikaa karibu na jua au kwenye gari zinafutika, mara nyingine ndani ya miezi. Toeni fotokopi wiki hiyo hiyo, bandikeni fotokopi.

Makombe ya baharini yaacheni pale yalipo. Mengi yana mwenyewe ndani, au kaa mdogo amehamia, na likifa ndani ya begi harufu yake haitoki. Badala yake nunueni karafuu na mdalasini, kidogo tu, muweke kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko. Siku ya kusimulia mnaifungua anusa kwanza. Harufu inarudisha mambo ambayo picha haiyarudishi. Asitafune karafuu, na mdogo asifike kwenye chupa.

Rekodini pia sauti, sekunde 30 za mtoto akisimulia. Lipeni faili jina kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku na neno moja, mfano 2025-06-14-kobe, yatajipanga yenyewe. Nakala moja muwe nayo nje ya simu.

mama_wawili_kinondoni

Asanteni sana, Mungu awabariki. Piritoni nimeirudisha kabatini. Mpwani, tarehe zetu zinaangukia 14 hadi 17 za mwezi wa kuandama, na malipo ya nyumba yameshafanyika. Tupange vipi siku?

mpwani_jambiani

Hiyo ni bamvua kamili, na inapangika. Tarehe 14 mko Mji Mkongwe, jioni tembeeni bustani ya Forodhani. Tarehe 15 fikeni Jambiani mapema mchana, mdogo alale, na kuanzia saa 9 na nusu alasiri maji yanakuwa yamerudi ufukweni: muogelee hadi saa 11 pale pale karibu na mchanga, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto. Tarehe 16 saa 3 na nusu asubuhi nendeni kwenye vidimbwi, mgeuke kurudi mara tu maji yanapoanza kutulia, na kuogelea kusogezeni hadi saa 10 na nusu jioni. Tarehe 17 msiingie baharini. Kutoka Jambiani hadi bandarini Malindi tengeni saa 2 za barabara, na kwa kuwa hamtawahi boti ya kwanza, chukueni inayofuata, kabla ya zile za alasiri.