Mchango wa binti kwenda kambi ya baleti, nianzie wapi?

Mama wa Mwanga, Kigoma: Habarini wakubwa. Binti yangu amekubaliwa kambi ya dansi ya baleti Uingereza, Julai. Ada wamepunguza, nauli na viza juu yetu. Baba yake ni mvuvi wa dagaa Kibirizi, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi.

Mzee wa Ujiji: Unda kamati kama ya harusi. Tembeza barua ya mwaliko pamoja na mchanganuo: pasipoti pekee ni 150,000.

Fundi cherehani: Viatu vya ncha, vile vya kuchezea juu ya vidole, msisahau! Ni satini, na kile kikombe cha vidole ni tabaka za kitambaa na gundi. Jasho linavilegeza upesi. Jozi moja haitoshi.

Mama wa Mwanga: Asanteni. Mweka hazina atakuwa shangazi yake, hakopeshi mtu yule.