Gari liko gereji ya wakala Dar mwezi wa nne sasa na msimu wa korosho ndio huo unaingia, naomba ushauri

Newala Juu:
Habari za jioni wakuu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, mnivumilie.

Nina pikapu ya dizeli, milango minne, ilinunuliwa mpya kwa wakala Machi mwaka jana. Waranti ni miaka mitatu au kilomita laki moja, kitakachotangulia. Mwanzoni mwa Mei mwaka huu wa 2024 nikiwa safarini kwenda Dar likazimika, likagoma kuwaka. Nikatafuta bredauni, likafika gerejini kwao siku ile ile. Jina la kampuni silitaji, sitafuti ugomvi na mtu.

Tangu hapo napigwa kalenda. Mei wanafungua injini. Juni spea zinaagizwa nje. Julai meli. Agosti yule aliyekuwa anapokea simu zangu kahamishwa, wa sasa ananiuliza namba ya gari upya kila nikipiga. Jana nimeambiwa "tutakujulisha". Kutoka Newala hadi Dar si pua na mdomo, kila safari ni nauli, malazi na siku tatu za kazi zimepotea.

Oktoba minada inaanza. Gari hilo ndilo linatoa korosho shambani Kitangari kwenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na majirani huwa nawabebea kwa malipo. Salfa, dawa ya mikorosho, ya mwaka huu nimeisambaza kwa bodaboda na Kirikuu ya kukodi, nimeumia sana. Swali langu: nilitoe nikatengeneze kwa mafundi wa mtaani au niendelee kusubiri? Natanguliza shukrani.

Mdau wa Mikindani:
Pole sana mkuu. Ndiyo maana mimi magari mapya nayaangalia kwa macho tu. Shemeji yangu alisubiri sensa moja, kitu kinaenea kiganjani, wiki kumi na moja! Mimi natembelea Land Cruiser ya mwaka 1994, spea nyingine napata hapa hapa, nyingine naagiza kwa kondakta wa basi, kesho yake jioni iko mkononi. Uza hilo likitoka, tafuta chuma cha zamani.

Mama Wawili Ligula:
Pole kaka. Na mimi Noah yangu ilikaa gereji wiki saba kwa rejeta. Siku niliyokwenda bila taarifa niliikuta nyuma ya ukuta, vioo vimejaa vumbi, hata boneti hawajafungua. Nikanunua daftari. Kila simu naandika tarehe, jina la aliyepokea na alichosema. Nikawaambia nataka namba ya oda ya hiyo rejeta na tarehe iliyoagizwa, kwa maandishi. Siku ya tatu oda ikaonekana, kumbe haikuwahi kutumwa! Kaka, mdomo hauna risiti. Dai karatasi.

Fundi Shangani:
Newala Juu, injini mpya haizimiki hivi hivi. Lilitoa mlio? Taa gani iliwaka? Walipofungua walikuta nini, na ripoti umepewa?

Newala Juu:
Taa ziliwaka zote kwa pamoja. Mlio sikumbuki. Mkuu mimi naulizia kusubiri au kutoa, hayo ya kuzimika yalishapita.

Fundi Shangani:
Hayajapita. Jibu la swali lako limo humo humo. Mwanzoni mwa Mei njia ile ilikuwa na maji. Ulipita kwenye maji?

Newala Juu:
Nilipita, ndiyo. Lakini yalikuwa chini ya bampa, na mbele yangu lilitangulia basi likapita vizuri tu. Pikapu zenyewe zinatangazwa zikivuka mito, sasa mimi kosa langu liko wapi? Gari la mwaka mmoja kufa kwa maji ya magotini ni ubovu wa kiwandani, na nitasimama hapo hapo.

Fundi Shangani:
Sikia ndugu yangu, sikulaumu. Basi linavuta hewa juu, wewe unavutia usawa wa taa. Basi likipita linaacha wimbi, wimbi likifika kwenye mdomo wa ea klina, chujio la hewa, injini inameza maji. Hewa inabanika ndani ya silinda, maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inakuta ukuta, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Ni sekunde moja tu. Hapo waranti haiingii, kwa sababu waranti inalipa kasoro ya kiwanda. Sasa niambie ukweli: walikuletea profoma, karatasi ya makadirio ya gharama?

Newala Juu:
Walileta Juni. Konrodi mbili, pistoni, silinda hedi na ufundi, milioni ishirini na saba na ushee. Wakaandika waranti imekataliwa. Sijasaini. Nikisaini nimekubali kwamba nililiua mwenyewe.

Fundi Shangani:
Basi meli haipo. Wanakusubiri wewe. Hakuna wakala anayeagiza konrodi ng'ambo kabla mteja hajasaini na kuweka kianzio. Waliokuambia meli walikosea, na hilo uwaambie, lakini miezi mitatu hii nusu yake ni ya kwako.

Newala Juu:
Sasa mimi meli nimeitunga? Wao ndio walioitaja. Kwa vyovyote nimeshaanza njia nyingine. Wiki iliyopita nimetoa advansi milioni nne kwa jamaa wa Ilala, ana injini ya mtumba inayoingia bila kukata kitu. Nataka tu kujua kama wakala anaweza kunizuia kulitoa.

Mwalimu Ndanda:
Vijana, nisemeni? Mtu anaomba ushauri na hela ameshatoa. Risiti unayo? Namba ya injini umeiona kwa macho yako? Kadi ya gari lako ina namba ya injini, ukibadilisha lazima TRA waiandike upya, na kama injini hiyo haina karatasi za ushuru utazunguka hadi msimu uishe. Na ukishaiweka, waranti yote iliyobaki ya injini umeizika. Halafu hili la maji tukubali wote: tunaona watu wamesimama kando, sisi tunaona wao ndio waoga.

Kijana wa Feri:
Mkuu injini ikishindikana pakia korosho kwenye mtumbwi tu, njia ya maji umeshaizoea 😄

Mama Wawili Ligula:
Feri, mtu ana msimu mzima mkononi. Acha.

Mlinzi wa Zamu:
Samahani, nimesoma toka juu na naona hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga. Mimi nilikuwa kwenye basi, tumelala Nangurukuru, magari yamepanga foleni, wengine wamegeuza wakazungukia Tunduru na Songea. Huyu anasema gari lilizimika njiani na bredauni ikalifikisha Dar "siku ile ile". Ilipita wapi, hewani? Kwanza gari lilikuwa bovu tu, likageuka la maji, likaja la profoma, sasa kuna injini Ilala. Kila akibanwa hadithi inaongezeka chumba. Msimpotezee muda wenu.

Mdau wa Mikindani:
Duh. Hapo kweli.

Fundi Shangani:
Maelezo ya injini yanaendana mno, hayawezi kuwa ya kutunga. Lakini swali la Mlinzi ni la haki. Newala Juu, jibu.

Newala Juu:
Sio chai. Siku ile ile si kweli, hapo nilidanganya na naomba radhi.

Lilizima kabla ya Somanga. Wapo waliotuambia tusubiri, na mimi sikusubiri. Lori la saruji lilinivuta kurudi Nangurukuru, nikalala ndani ya gari usiku nne, bredauni ikapatikana njia ilipofunguliwa. Mlinzi, kama ulikuwa pale utakumbuka pikapu nyeupe ya turubai la kijani jirani na wauza samaki, milango yote imeachwa wazi ikauke.

Niliandika siku ile ile kwa sababu kaka zangu wanasoma humu. Gari si langu peke yangu. Baba alipofariki tulikuwa watatu kwenye mikorosho, tukaweka malipo ya msimu mmoja pamoja tukanunua, kadi ikaandikwa jina langu kwa kuwa ndiye ninayeendesha. Wao wanajua ni ubovu wa kiwandani. Hiyo milioni nne ni yangu, nimeuza ng'ombe. Nilitaka lirudi likiwaka kabla ya Oktoba na mambo yaishe.

Mlinzi wa Zamu:
Turubai la kijani nalikumbuka. Nimefuta niliyoyasema, kaka. Pole.

Mama Wawili Ligula:
Kaka, pole sana, na pole kwa msiba wa mzee. Naomba nikuulize kitu kimoja ambacho hakuna aliyeuliza. Bima ilikuwa kubwa, inayolipa hata gari lako, au ndogo, ya kulipa uliowagonga tu?

Newala Juu:
Kubwa. Lakini iliisha Juni sikuikata tena, gari lenyewe halitembei.

Mama Wawili Ligula:
Gari liliingia maji Mei! Mei bima ilikuwa hai. Inayoangaliwa ni siku ya tukio. Uliripoti?

Newala Juu:
Sikuripoti. Ningeripoti maji, waranti ingekufa.

Mama Wawili Ligula:
Ulikuwa unalinda mlango uliokwishafungwa, na huu ulio wazi umeupa mgongo. Chukua mkataba usome kipengele cha mafuriko na cha muda wa kutoa taarifa. Umechelewa, watalisema hilo, lakini kwanza wakatae kwa maandishi. Wakikataa bila sababu ya msingi, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na hiyo ripoti ya gereji inayosema ni maji, ambayo umeikataa miezi mitatu, ndiyo itakayokusemea.

Fundi Shangani:
Dada kanizidi, sikuwaza bima. Wewe usisaini profoma kwanza, waachie bima watume mkaguzi wao. Ila waandikie gereji leo hii kwamba gari lisiguswe, na uulize kama wanatoza maegesho. Ya Ilala nenda kwa upole, omba advansi irudi hata nusu.

Mwalimu Ndanda:
Na kaka zako uwaambie wewe, kabla hawajafika ukurasa huu.

Newala Juu:
Jamaa wa Ilala anasema atarudisha milioni mbili na nusu, tumeandikishana kwa ujumbe. Kesho alfajiri nashuka Mtwara kwenye ofisi ya bima na nakala zote.

Kaka mkubwa nimempigia sasa hivi. Hakugomba. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama maji yalifika kwenye viti.